Katibu wa Mume Wangu

Nimemlisha mwanamke mwenzangu maparachichi kwa miezi mingi bila kujua kuwa ni mwanamke. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine, ingawa mengine ni makubwa zaidi. Maparachichi ya kwetu Rungwe si mchezo. Nilikuwa nachagua yale makubwa, bado magumu, nayafunga moja moja kwa gazeti, nayapanga kwenye kiroba na kukipeleka stendi ya Tukuyu kwenye basi la Dar es Salaam. Mume wangu akishapokea mzigo, nilikuwa namwambia kwenye simu, "Na katibu wenu usimsahau. Mpelekee na yeye, anawahangaikia."

Katibu. Ndivyo alivyokuwa akimtaja. Katibu kasema, katibu kaja, katibu leo kambana meneja mpaka meneja kajifungia ofisini. Kiswahili chetu hiki hakina habari ya kutenganisha mume na mke. Ukisema "amekuja" amekuja, basi, awe na ndevu au awe na hereni. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimeshamchora: mzee wa makamo, upara katikati, shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Nilimpenda yule mzee, na kanisani nilimwombea afya njema.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anafanya kazi huko Pwani, kwenye kiwanda cha kuunganisha malori na mabasi. Vipande vinakuja na meli kutoka nje, wao wanasimamisha chesisi, wanaunga kebini, wanatengeneza bodi, wanapaka rangi, gari linatoka linanguruma. Aliondoka mtoto wetu wa pili akiwa bado ananyonya, na tangu hapo amekuwa wa kuja na kuondoka. Mimi nimebaki na watoto nyumbani, upande wa Masoko, na cherehani yangu iko kwenye kibaraza kimoja Tukuyu mjini, jirani na soko, hapo hapo kwenye barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Malori yote ya kwenda Malawi yanapita mbele yangu.

Likizo moja alikaa nami pale kibarazani, likapita lori jipya la bluu, akaruka kwenye kiti. "Lile nimelichomelea mimi! Ona ule mshono wa ubavuni!" Mshono sikuuona, nilimwona yeye uso umemng'aa. Sikumbuki aking'aa hivyo kwa kitu chochote nilichowahi kushona au kupika. Tangu siku ile kila lori lenye pua kama ya lile likipita nalitolea macho, na kama dereva yupo dirishani anadhani nimempenda. Mnicheke tu, lakini nililionea wivu bati. Niliona mikono iliyolishika ilikuwa yangu kwa haki, na lori linaipata kila siku ilhali mimi naisubiri mwaka mzima.

Sasa huko kiwandani mambo hayakuwa mazuri. Walikuwa wanapewa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ukiisha unakaa getini kusubiri kuitwa upya, na wewe umechomelea pale tangu watoto wako hawajajua kusoma. Ukiugua katikati, huna chako. Watu wa kitengo cha rangi walikuwa wanajifunga vitambaa puani kwa sababu barakoa za kazi zilikuwa zinafika kwa bahati. Ndipo wakaunda tawi la chama cha wafanyakazi, mume wangu akachaguliwa mwenyekiti, na katibu akawa huyo katibu. Walichokuwa wanadai kilikuwa kinaitwa mkataba wa hali bora. Mume wangu alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja chakula. Nilimwambia siku moja, "Mimi nimeolewa kanisani mbele ya mchungaji, na hakuna aliyenitilia saini mkataba wa hali bora." Akacheka, akasema atamweleza katibu hiyo, itamfurahisha.

Siku niliyomjua katibu nilikuwa naunga kola ya sare ya shule. Nilimpigia mume wangu mchana, simu imebanwa begani, mguu uko kwenye pedeli. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka.

"Mwenyekiti yuko kwenye kikao. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mke wake. Wewe ni nani?"

"Aa, karibu sana! Mimi ni katibu. Asante kwa maparachichi, jamani, matamu hayo!"

Sindano ilipita kwenye kola na kwenye kidole changu. Sikupiga kelele, maana kulikuwa na wateja, na mimi ni mtu ninayejikaza kisabuni mbele za watu. Lakini nilipoipata sauti ya mume wangu jioni, nilimwuliza ni kwa nini hakuniambia kuwa katibu ni mwanamke.

"Hukuniuliza," alisema.

Hukuniuliza! Mtu na akili zake. Yule mzee wangu mwenye upara akafa siku hiyo hiyo, na nilimlilia kidogo, kwa sababu alikuwa mtu mwema na hakuwa na kiuno. Kuanzia hapo nikakaa chonjo. Nikaanza kuhesabu katibu alivyotajwa, na nikaona alikuwa anatajwa kabla ya watoto. Nilisikia walivyoagana kwa simu mume wangu alipokuwa nyumbani kwa msiba wa shangazi yake. Yule anasema "Mshikamano!" na mume wangu anajibu "Daima!" kwa sauti ya kifua, amesimama kabisa, nje kwenye matope. Ndiyo salamu yao ya chama, alinieleza, kila mwanachama anajibu hivyo. Sawa. Lakini mimi nikimwambia usiku mwema anaguna.

Halafu wakagoma. Walianza na mgomo baridi, yaani wako kazini lakini mkono unakwenda polepole, lori moja linakaa kwenye laini mpaka linaota kutu. Uongozi ukajifanya hauoni. Wakaenda kwenye usuluhishi, usuluhishi ukashindikana, wakatoa notisi kama sheria inavyotaka, siku ikafika wakaweka zana chini na kutoka nje ya geti wote. Mume wangu alinitumia picha. Watu wamejaa getini, mabango ya maboksi, mvua inanyesha. Katikati kuna mwanamke ameshika kipaza sauti, mdomo wazi, na pembeni yake mume wangu amemshikia mwavuli.

Mimi naishi Rungwe. Huku mvua haiombwi ruhusa. Inanyesha asubuhi, inapumzika kula, inarudi. Katika ndoa yangu yote, mwanamume yule hajawahi kunishikia mwavuli. Alikuwa anatembea mbele, mwavuli wake, na mimi nyuma na kanga kichwani na mtoto mgongoni. Ile picha niliikuza kwa vidole viwili mpaka nikaona jinsi bega lake la kulia lilivyolowa ili la yule lisilowe. Nilikula chakula cha mchana kwa hasira na sikusikia ladha yake. Wake wa wagomaji wengine walikuwa wanaogopa njaa na mabomu ya machozi. Mimi nilikuwa namwogopa mwanamke mmoja mwenye kipaza sauti, na aibu ya kulisema hilo ndiyo iliyonifanya nisimwambie mtu.

Mgomo ukaendelea, ndipo shida ilipokuja huku huku kwetu. Na hapa lazima nieleze jambo moja. Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe. Si woga wa kutetemeka, ni heshima. Haonani naye uso kwa uso, hampi mkono, hakai alipokaa. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Naye mzee hukohoa kwa mbali ili mkamwana apate nafasi ya kujiondoa. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, lakini nyumba ya mume wangu haijaacha. Tangu niolewe, baba mkwe wangu namjua kwa kikohozi chake, kwa kisigino cha buti lake na kwa koti lake kwa nyuma. Akifa leo sitaweza kukwambia macho yake yalikuwaje.

Ila mkamwana husikia mengi, kwa kuwa siku zote yuko nyuma ya kitu fulani. Mzee alikuwa mnyapara kwenye mashamba ya chai zamani, na vijana wengi wa Masoko na Suma walipata kazi kwa neno lake, kwa hiyo wazazi wanamwamini. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya jiko lake, nimeleta maziwa kwa mama mkwe, nikasikia mgeni akizungumza naye uani. Alikuwa kijana wa mjini, wakala wa ajira, viatu vimechongoka. Anatafuta vijana wenye nguvu, alisema, kiwanda cha magari huko Pwani, usafiri bure, kuanza mara moja. Akakitaja kiwanda. Neno mgomo hakulitaja.

"Kasi ni kasi," alisema mzee. Kiswahili chake kinapita Kinyakyusa kwanza. "Fijana wapo. Nitakupatia fijana wasuli."

Nilirudi nyumbani mbio na kumpigia mume wangu. "Baba yako anawatafutia watu wa kukaa kwenye nafasi zenu." Vijana wale wakiingia kiwandani, mgomo umekufa, na yeye mwenyekiti angekuwa wa kwanza kufungiwa geti. Akasema, "Tunakuja."

Nilitaka aje. Sikutaka hiyo "tu". "Nani na nani?" nikauliza.

"Mimi na katibu. Kwao ni Suma, anajua kuzungumza na wazee."

Kumbe mtoto wa hapa hapa. Nilipika, nitafanyaje. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau, na nilitaka aje mrembo wa kujichubua, kucha ndefu, aogope matope, nipate pa kuanzia. Hakuwa hivyo. Alikuwa mweusi, mabega mapana, nywele zimekatwa fupi, na kikohozi kikavu ambacho alikipata kwenye kitengo cha rangi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula ndizi zangu mpaka sufuria ikaonyesha chini, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," kisha akainuka kuosha vyombo. Akaniita wifi. "Wifi, kaa, umechoka." Yaani alijifanya dada wa mume wangu. Mume wangu naye alikuwa anacheka kila alichosema yule, hata kisichochekesha, na mimi nilihesabu meno aliyokuwa akiyaonyesha, maana mimi sina dogo.

Wazo lilinijia nikiwa nasugua sufuria. Kama kuna kitu baina yao, basi yule ni mke, kanisa lipende lisipende. Na kama ni mke, mtoto wa Suma aliyelelewa na mama yake kwenye desturi hii, hataweza kumpa mkono baba wa mume wangu. Mwili wenyewe utakataa. Mwanamke wa kwetu anaweza kudanganya kwa mdomo kutwa nzima, lakini akiwa mkamwana hawezi kusimama mbele ya mkwe. Nikasema moyoni, kesho nitajua.

Asubuhi nilimtuma mtoto kwa babu yake kusema wageni wanakuja. Tukapanda kilimani sote watatu, ukungu umelala juu ya migomba. Nikasikia kikohozi. Nilitoka njiani na kuingia migombani kama kawaida yangu, nikageuza mgongo, ila shingo nikaiacha nyuma. Mume wangu alipita. Katibu alipita. Buti za mzee zilikuja zikasimama. Nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma.

Yule mwanamke alikwenda moja kwa moja. Akapiga goti kidogo, akatoa mikono yote miwili. "Shikamoo, baba."

"Malahaba, mwanangu. Wewe ndio katibu? Kalibu, kalibu." Na mzee akamshika mkono, hakuuachia upesi.

Nikaushika mgomba. Hakuwa na mume wangu! Furaha ilinijaa mpaka nikataka kucheka peke yangu. Wao wakaenda kukaa uani, kwenye benchi moja, mimi nikajisogeza nyuma ya jiko. Katibu alimweleza mzee taratibu kwamba vijana anaowapeleka wanakwenda kukaa kwenye kiti cha mwanawe, na kwamba kila mmoja wao atapewa miezi mitatu kisha naye atarudi kukaa getini. Mzee alikasirika kwa sababu hakuambiwa. "Yule kijana hakusema kuna mgomo! Amenifanya mimi mtoto!" Kisha akamsimulia jinsi wachuma chai walivyowahi kuweka vikapu chini na yeye mnyapara akabaki kusimamia majani. Wakacheka pamoja. Wakala mahindi ya kuchoma. Na mimi nyuma ya jiko, moshi unaniingia machoni, ile furaha ikaanza kugeuka. Nilimpikia mzee yule miaka yote hii, nimemfulia mashuka alipolazwa hospitali ya Igogwe, na sijawahi kusikia kicheko chake kwa karibu. Huyu amefika jana, leo anamtazama usoni. Nilitamani kumwuliza, macho yake yakoje?

Lakini ulikuwa wivu wa kuvumilika, na nilijua kuishi nao. Mzee mwenyewe alizunguka Masoko mpaka Suma kuwaona wazazi, nyumba kwa nyumba, anawaambia wasiachie watoto. Wakala alikodi basi, na basi lile likaondoka Tukuyu na watu wachache wasiojulikana kwao. Mgomo haukuvunjika. Baada ya wiki kadhaa uongozi ukakaa mezani, na wakatiana saini ule mkataba wao wa hali bora: ajira ya kudumu kwa waliokaa muda mrefu, barakoa, matibabu. Mume wangu alinipigia akilia. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba, na sauti ya katibu niliisikia ikiita, "Mshikamano!" Nami nikajibu "Daima!" kwa sauti, pale pale kibarazani, mpaka mteja akanitazama.

Baada ya hapo nilikaa kwa amani. Nilirudi kutuma maparachichi, na safari hii nilichagua ya katibu kwa mkono wangu na kuyafungia pembeni. "Msalimie wifi," nilikuwa nasema. Mume wangu akawa anaitikia haraka na kuuliza habari za mvua. Kidogo kidogo katibu alitoweka mdomoni mwake. Haikuwa tena katibu kasema, katibu kaja. Mimi nikaona ni haki, mgomo umekwisha, habari zimekwisha. Wakati ule wa kumtaja kila siku nilikonda kwa wasiwasi, na alipoacha kumtaja nikanenepa. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Krismasi ikakaribia, watu wa Rungwe wakaanza kurudi nyumbani kutoka kila kona. Mume wangu alikuja na begi kubwa, zawadi za watoto, na katibu nyuma yake. "Anapitia kwenda kwao Suma," alisema kabla sijauliza. Nilimkumbatia yule mwanamke, naapa, kwa moyo mweupe. Amenawiri, kikohozi kimepungua. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni na kingine ameshika mkononi.

"Dada, habari za siku," akaniambia.

Nilimjibu nzuri, nikaingia ndani kuweka chai. Neno hilo dada, badala ya wifi, lilipita masikioni bila kushika popote. Tulipomaliza kunywa tukashika njia ya kwa mzee, sote watatu, mume wangu mbele, sisi wawili nyuma tukizungumza habari za bei ya mbolea. Mzee alikuwa ameshasikia kwamba rafiki yake amefika, hakungoja afikiwe. Alikuwa anateremka mwenyewe, kikohozi na buti kwa pamoja.

Nikafanya ninavyofanya siku zote. Hatua ya pembeni, migombani, mgongo. Sikugeuza shingo, maana sikuwa na cha kuchungulia. Nilisimama nikisubiri kusikia ile "Shikamoo, baba."

Nilichosikia ni majani makavu ya mgomba yakivunjika karibu na bega langu.

"Katibu yuko wapi?" mzee alikuwa anauliza kule njiani, sauti ya furaha. "Wameniambia amekuja. Katibu!"

Nilitazama pembeni. Katibu alikuwa kando yangu, mgongo umegeukia njia, kile kitenge cha mkononi sasa kimefunika kichwa na nusu ya uso, macho yako chini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Angeweza kwenda tu akampa mzee mkono kama mara ya kwanza, na mimi ningepika pilau ya Krismasi na kumfungia maparachichi ya kupeleka Suma. Hakuweza. Alinitazama mara moja, na kila nilichotaka kujua nilikiona, nikatamani nisiwe na macho. Nilimwonea wivu hata heshima yake, jinsi alivyosimama vizuri.

"Ka-ti-bu," aliita mzee tena, polepole, halafu akakatiza. Nadhani aliona kitenge cha pili kati ya migomba. Hakuondoka. Alibaki pale pale na mwanawe.

Nilishusha macho. Yule mwanamke alikuwa amekanyaga katikati ya msafara wa siafu. Alikuwa na ndala. Tayari walikuwa wamefunika vidole vya mguu wa kushoto na wanapanda kifundoni, weusi, wamejaa. Mimi nilisogeza miguu yangu. Sikumwambia.

Alishtuka mara moja, mwili mzima, na akatulia. Mkamwana hapigi kelele mkwe akiwa karibu, wala harukiruki, wala hajikuni. Akaivuta ncha ya kitenge na kuiuma. Walifika kwenye goti, wakaingia chini ya nguo, machozi yakaanza kumtoka, na kule njiani mzee akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kisicho na makohozi, akageuka taratibu na kuanza kupanda kilima. Nilisikiliza buti zake mpaka zikaisha. Muda wote ule yule mwanamke hakutoa hata mguno, wala hakuinua mguu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anapitia kwenda Suma.